Muulize Mama Alilala Wapi

Katika mazishi mengi ya huku Nyeri, kijitabu cha wasifu wa marehemu hugawiwa watu wakiwa bado wanatafuta viti. Kina picha, majina ya watoto na wajukuu, kanisa alilobatiziwa, kazi alizofanya, ugonjwa uliomwondoa. Utoto wake hupewa sentensi moja au mbili: alizaliwa mwaka fulani, kijiji fulani, mtoto wa nne wa fulani na fulani. Mara nyingi hata hiyo imeandikwa usiku wa kuamkia mazishi, na watoto waliokuwa wakipigiana simu kuulizana nyanya mzaa mama aliitwa nani hasa. Nimemwona dada ya marehemu akitikisa kichwa wasifu ukisomwa, kwa kuwa mwaka haukuwa huo na kijiji hakikuwa hicho.

Ikiwa mzazi wako yu hai na ana kumbukumbu zake, unaweza kuiandika habari yake huku yeye mwenyewe akikusahihisha. Ninayoyaeleza hapa nimeyaelekeza hasa kwa familia za Gatitu na vijiji vinavyoizunguka, kwenye njia ya kutoka mjini Nyeri kwenda Kiganjo na Karatina, ingawa mtu wa Kerugoya au Nanyuki atajikuta humu vilevile.

Ushauri wangu mkubwa ni kwamba uulize vitu vidogo. Ukimwambia mzee wa Gatitu akusimulie maisha yake ya utotoni, atakujibu kwamba walikuwa maskini, walitembea miguu mitupu hadi shuleni, na nyinyi wa siku hizi mmelelewa kwa mayai. Jibu hilo amekwisha kulitoa mara nyingi alipokuwa akikukanya kuhusu masomo au matumizi ya pesa. Linamtoka bila yeye kukumbuka kitu.

Lakini muulize alilala wapi. Mlango wa nyumba yao ulitazama upande gani? Moto ulikuwa wapi, na nani alilala karibu nao? Mbuzi walilala ndani? Baba yake alikuwa na thingira, nyumba yake mwenyewe, au alikuwa mtu wa kufanya kazi mbali na kuja mwisho wa mwezi? Chakula chake kilipelekwa na mtoto gani? Utaona macho yake yakihama kutoka kwako, kwa sababu sasa anatazama nyumba. Ndani ya nyumba hiyo kuna watu, na watu hao wana mambo.

Mpe karatasi na penseli achore boma: nyumba ya mama yake, ghala, zizi, migomba, njia ya mtoni. Akisema mkono unatetemeka, chora wewe kwa maelekezo yake na umwache akukosoe. Mzazi ambaye hakumbuki lolote ukimuuliza ana kwa ana hawezi kuvumilia kuona ghala limechorwa upande usio wake. Na kama mahali penyewe pako karibu, nendeni kwa miguu. Hata kama siku hizi pamejengwa ploti za kupangisha, atakuonyesha ulipokuwa mugumo na mteremko walikoteleza wakienda kuteka maji.

Kutoka kwenye nyumba nenda kwenye kazi, maana utoto wa kizazi hicho ulikuwa kazi. Alianza kuteka maji akiwa na kimo gani, na kwa chombo gani? Nani alimfundisha kubeba kuni mgongoni kwa mukwa, ile kamba ipitayo kwenye paji la uso? Kama ni mwanamume, alichunga mbuzi wa nani, na siku walipoingia kwenye shamba la mwenyewe alichapwa na nani? Kama ni mwanamke, nani alimfundisha kusuka kiondo? Walikula nini mahindi yalipokwisha ghalani? Swali lenye jibu la kitu kinachoshikika humkumbusha mtu mambo kumi ambayo hukuyauliza. Yakija, usimkatize kumrudisha kwenye orodha yako. Orodha itangoja.

Baada ya hapo shika majina, na hapa jamii ya Wakikuyu imekurahisishia kazi kuliko unavyodhani. Mtoto wa kwanza wa kiume huitwa jina la babu mzaa baba, wa pili la babu mzaa mama. Msichana wa kwanza nyanya mzaa baba, wa pili nyanya mzaa mama. Wanaofuata huchukua majina ya ndugu za wazazi kwa zamu. Basi ukipata majina ya mama yako na ndugu zake kwa mpangilio wa kuzaliwa, nao wakiwa na angalau wavulana wawili na wasichana wawili, una majina ya babu na nyanya zake wote wanne hata kama hakuwahi kuwaona. Pale mpangilio unapokosa kulingana, uliza kwa upole. Huenda kulikuwa na mtoto aliyefariki mchanga na hatajwi tena. Huenda mahari hayakuwa yametolewa. Huenda kulikuwa na mke mwingine. Mama mmoja anaweza kukutajia ndugu sita miaka yote, na ukiyafuata majina ukagundua walikuwa wanane.

Sikiliza pia namna wanavyoitana. Mwanamke wa huku humwita mwanawe "baba" akiwa amebeba jina la baba yake, na humheshimu hivyo hata akiwa mtoto wa miaka mitatu. Kama mama yako alikuita hivyo ulipokuwa mdogo, muulize huyo baba yake alikuwa mtu wa namna gani: sauti yake, hasira zake, alichopenda kula. Hutapata mlango mzuri zaidi wa kuingilia. Andika pia muhiriga, yaani ukoo mkubwa, na mbari, yaani ukoo mdogo wenye ardhi. Uliza upande wa mama na upande wa baba. Wengi wetu tunajua upande mmoja tu.

Miaka ni shida nyingine. Tarehe ya kitambulisho isikufunge, kwa maana wazee wengi waliandikishwa wakiwa watu wazima na mwaka ukakisiwa. Tafuta mwaka kwa matukio. Mnamo Februari 1952 binti mfalme Elizabeth alikuwa katika hoteli ya Treetops, hapa hapa Nyeri, baba yake alipofariki akawa malkia. Oktoba 20 mwaka huohuo Hali ya Hatari ikatangazwa dhidi ya vuguvugu la Mau Mau. Mwaka 1954 Treetops ilichomwa moto na wapiganaji wake wa msituni. Dedan Kimathi, kiongozi wao, alikamatwa Oktoba 1956, akahukumiwa mjini Nyeri, akanyongwa Kamiti Februari 18, 1957. Uhuru ulikuja Desemba 12, 1963. Sasa fanya hesabu. Kama mama alikuwa akibebwa mgongoni walipohamishwa kuingia kijijini mnamo 1954 au 1955, kama nitakavyoeleza hapa chini, alizaliwa mnamo 1952 hivi, au baadaye kidogo. Kama yeye ndiye aliyekuwa akimbeba mdogo wake mgongoni, rudi nyuma hadi 1948 au kabla ya hapo. Kwa babu, uliza riika lake, kwa kuwa kila kundi la waliotahiriwa pamoja lilipewa jina; waliotahiriwa karibu na mwaka 1940 walijulikana kama vijana wa Forti, na baadhi yao walikuja kuwa wakali wa siasa za Nairobi. Hata mwezi unaweza kupatikana. Uliza kama ilikuwa wakati wa mvua ya njahi, yaani masika, au mvua ya mwere, yaani vuli, na umepata nusu ya mwaka.

Sasa nije kwenye jambo ambalo familia nyingi za hapa hulikwepa.

Mzazi aliyezaliwa Nyeri kati ya 1940 na 1955 alikuwa mtoto katika Hali ya Hatari. Kuanzia Juni 1954 serikali ya kikoloni iliwaondoa Wakikuyu zaidi ya milioni moja kutoka kwenye maboma yao, ikawaingiza katika vijiji zaidi ya 800 katika muda wa mwaka mmoja na miezi michache. Maboma ya zamani yalichomwa au kubomolewa. Vijiji vilizungushiwa mitaro na kulindwa na homugadi, yaani walinzi Waafrika waliokuwa upande wa serikali, na watu walitoka na kuingia kwa saa zilizopangwa. Nyumba zilijengwa na wanawake kwa haraka, kwa maana wanaume wengi walikuwa kizuizini, msituni, au wamezolewa Nairobi katika msako wa Aprili 1954 ulioitwa Operation Anvil. Shule za kujitegemea za Wakikuyu zilikuwa zimefungwa. Hayo yalidumu hadi Hali ya Hatari ilipoondolewa rasmi Januari 1960, na kwa wengi athari zake zilidumu zaidi.

Sababu ya ukimya si uchungu peke yake. Katika boma moja ndugu mmoja alikuwa msituni na mwingine homugadi. Uhuru ulipokuja walirudi kuishi kwenye kilima kimoja, kuuza kahawa katika faktori moja, kusali kanisa moja, na watoto wao wakaoana. Kunyamaza kulikuwa namna ya kuishi pamoja. Kwa hiyo mtoto anayeingia na swali la "guka, yaani babu, alikuwa upande gani?" anaomba kitu ambacho kilizikwa kwa makubaliano ya watu wengi, na mzazi wake hana ruhusa ya kukifukua peke yake.

Rudi kwenye vitu vidogo. Nani alijenga nyumba mliyohamia kijijini? Mlilala wangapi humo? Maji mliteka saa ngapi, na nani aliwasindikiza? Mlango wa kijiji ulifungwa jua likiwa wapi? Nyanya alirudi saa ngapi kutoka kuchimba mtaro, na nani alikupikia hadi arudi? Nani hakuwepo wakati huo? Swali hili la mwisho liulize kisha unyamaze. Mtoto wa miaka saba hakujua siasa, lakini alijua njaa, alijua baba hayupo, alijua jina la homugadi aliyemwacha mama yake apite na viazi vilivyofichwa chini ya majani ya ng'ombe. Hayo ndiyo anayoweza kukupa bila kumsaliti mtu.

Akinyamaza, nyamaza naye. Akisema zima simu, izime mbele yake na uiweke mbali, wala usijaribu kukumbuka maneno yake ili uyaandike kwa siri. Mambo waliyofanyiwa wanawake katika vijiji hivyo na katika kambi yalikuwa mabaya sana, na kuna mengine ambayo mama hatamwambia mwanawe wa kiume maisha yake yote. Usiyachimbe. Akilia, usiondoke jioni hiyo kurudi Nairobi. Lala hapo. Kesho yake mfanye kazi ya mikono pamoja kabla ya kuzungumza lolote.

Na usidhani simulizi za namna hii ni za nyumbani tu. Wazee wa Mau Mau walipoishtaki serikali ya Uingereza mjini London, waliyosema kwa vinywa vyao kuhusu miili yao yalikuwa sehemu ya ushahidi, na mwaka 2011 serikali hiyo ikalazimika kutoa mafaili iliyokuwa imeyaficha kwa miongo mingi. Juni 6, 2013 ilieleza majuto yake bungeni na kukubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa ajili ya waathiriwa 5,228. Muthoni wa Kirima, mwanamke wa Nyeri aliyebaki msituni hadi uhuru, alitunza nywele zake za msituni hadi Aprili 2022 zilipokatwa mbele ya kamera. Yeye taifa linamjua. Wanawake waliobeba chakula kupeleka ukingoni mwa msitu usiku ni wengi, na habari zao ziko kwa watoto wao, ambao sasa ni shosho zetu, yaani nyanya zetu.

Kama mzazi wako alizaliwa miaka ya 1960 au 1970, mazungumzo yatakuwa mepesi kidogo, na milango ni mingine. Uliza kuhusu kahawa. Baridi kali iliua mibuni ya Brazil Julai 1975, na bei ikapanda hata familia za huku zikajenga nyumba za mabati na kulipa karo kwa pesa za 1976 na 1977. Nani alichuma, nani alibeba kwenda faktori, na pesa ziliingia mkononi mwa nani? Uliza maziwa ya Nyayo yalivyogawiwa shuleni kuanzia 1979, alikuwa wapi Mzee Kenyatta alipofariki Agosti 1978, redio ilisema nini asubuhi ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1, 1982, na kama walikula mahindi ya manjano katika njaa ya 1984.

Kuhusu kikao chenyewe, nina mambo machache ninayoyashikilia. Zungumzeni Kikuyu ikiwa ndiyo lugha ya utoto wake. Utaandika kwa Kiswahili baadaye, lakini mtu hukumbuka kwa lugha aliyotukanwa na kubembelezwa nayo. Mhoji mama peke yake na baba peke yake. Wakikaa pamoja, mmoja atajibu kwa niaba ya wote wawili, na mwingine ataona si heshima kumpinga mbele ya mtoto. Usimkalishe kwenye kochi la sebuleni kana kwamba mgeni amekuja. Chukueni maharagwe ya kuchambua au mahindi ya kupukuchua, kaeni nje au jikoni, chai iwepo. Mikono ikiwa na kazi, ukimya hauoni aibu. Saa moja inatosha kwa siku moja, na asubuhi ni bora kuliko usiku.

Simu inatosha kurekodi. Mweleze kwamba unarekodi na kwa nini, kisha iweke juu ya kitambaa karibu naye, mbali na redio na kuku. Mwanzoni sema tarehe, mahali na jina lake kamili. Jioni hiyohiyo ipe faili jina linaloeleweka na uitume kwa ndugu yako mwingine, maana simu huibwa na huanguka ndani ya maji. Usingoje kuandika neno kwa neno; andika kwanza ukurasa mmoja wa majina, mahali na maswali yaliyobaki.

Kuna maswali ambayo hayakufai wewe. Mila ya huku inampa mjukuu uhuru wa kutaniana na nyanya yake ambao mtoto hana. Habari za uchumba, za tohara, za wavulana waliomtaka, mtume mwanao akaulize. Shosho atacheka na kusema mambo ambayo kwako angeyafunika. Mkwe naye asitumwe kabisa. Heshima iliyopo baina yake na wazazi wa mwenzake haimruhusu.

Ulichokisia kutokana na mazungumzo kithibitishe. Cheti cha ubatizo kinaweza kuwa na mwaka sahihi kuliko kitambulisho, na misheni kongwe za huku, Mathari kwa Wakatoliki na Tumutumu kwa Wapresbiteri, zimekuwepo tangu mwanzo wa karne iliyopita. Makumbusho ya Nyeri pale Ruring'u yamo katika jengo lililokuwa mahakama ya wenyeji wakati wa ukoloni. Mpeleke mzazi wako hapo, maana vitu vilivyowekwa nyuma ya kioo humfungua mtu ulimi. Ripoti za kila mwaka za wilaya zimo katika Hifadhi ya Nyaraka za Taifa, Moi Avenue, Nairobi. Kama babu alifanya kazi kwa mzungu, huenda kuna mtu amehifadhi kipande chake, ile hati ya utambulisho ambayo wanaume Waafrika walilazimika kubeba tangu miaka ya 1920. Angalia nyuma ya picha za zamani, na ndani ya Biblia.

Hati ya shamba ishike kwa uangalifu zaidi ya zote. Kabla ya miaka ya 1950 ardhi ya familia ilikuwa vipande kwenye miteremko mbalimbali. Chini ya mpango wa Swynnerton wa 1954, vipande hivyo viliunganishwa na kusajiliwa wakati wanaume wengi wakiwa kizuizini, na wako waliorudi wakakuta wamepewa mahali pabaya au hawana kitu. Ukiingia nyumbani ukiuliza habari za mipaka, hata kama nia yako ni historia, ami zako watasikia kesi. Acha mzazi alitaje shamba mwenyewe. Mwambie wazi, na uwaambie ndugu zako pia, kwamba hutafuti mgawo.

Halafu nenda kwa ndugu zake, ukianza na mkubwa aliye hai. Watapingana. Shangazi atasema nyumba ilichomwa mchana, mama aliapa ni usiku. Yaandike yote mawili, kila moja na jina la msemaji, wala usichague kwa niaba yao. Mmoja huenda alikuwa shambani na mwingine ndani. Wangari Maathai, aliyezaliwa Ihithe mwaka 1940, alikuwa mwanafunzi wa bweni Mathari katika miaka hiyo huku mama yake akiwa kijijini. Mama na binti wa nyumba moja waliiona Hali ya Hatari kutoka sehemu mbili.

Ukiwa na kurasa kadhaa, mrudie umsomee kwa sauti, na simu iwe inarekodi tena. Marekebisho atakayofanya ndiyo kikao bora kuliko vyote, kwa sababu sasa anasikia nyumba yao ikitajwa na mtu mwingine na hataki ikosewe. Atakapokuambia ufute jambo, lifute hapo hapo mbele yake. Muulize ni nani apewe nakala na ni nani asipewe hadi lini, andika jibu lake ukurasa wa mwisho, na ulifuate.